Bata bukini ameshindwa kuangua? Soma kiota na mayai kabla ya kumlaumu mama

Katika parsele (viwanja vya nyumba) nyingi za Goma, mashariki mwa Kongo, bata bukini anafugwa kama mlinzi, kwa kuwa hakuna mgeni anayepita langoni bila yeye kupiga kelele. Shida inaanza mwenyewe anapotaka vifaranga. Jike anataga, anazungukazunguka, analalia mayai siku tatu kisha anaondoka. Au anakaa mwezi mzima na mwisho kiota kinanuka, hakuna hata kifaranga kimoja. Hapo utasikia: "Huyu si mzazi, mpeleke sokoni." Nadhani tunawaonea. Bata bukini ni mama mwenye bidii sana, na akishindwa, kwa kawaida chanzo kiko kwenye kiota, kwenye maji, kwa dume, au kwenye mikono yetu sisi. Kila chanzo kinaacha alama yake, na alama hizo zinasomeka.

Ili ujue kilichoharibika, ujue kwanza hali ya kawaida. Jike hutaga yai moja karibu kila baada ya siku mbili, na yai lake lina gramu 120 hadi 180 hivi. Hukusanya mayai 8 hadi 15, ndipo anapolala kweli. Tangu siku hiyo hesabu siku 28 hadi 32. Mabata wa mwili mkubwa sana wanaweza kufika 34. Kila siku hutoka mara moja au mbili, dakika 15 hadi 30, akala, akanywa, akaoga, akarudi. Ukiona hayo, usiingilie chochote.

Hatagi kabisa

Angalia umri wake. Wengine huanza wakiwa na miezi tisa au kumi, lakini wengi husubiri mwaka wa pili, na mayai ya mwaka wa kwanza ni madogo na mengi hayana mbegu. Huko Ulaya siku zinapoanza kurefuka baada ya baridi, bata anajua wakati umefika. Hapa kwetu, karibu na ikweta, tofauti ya siku ndefu na siku fupi haifiki hata robo saa. Kinachomwamsha zaidi ni mvua na majani mabichi, kwa hiyo tegemea zaidi miezi inayofuata kuanza kwa mvua, Septemba na Machi, kuliko vumbi la Julai.

Sababu nyingine ni unono. Bata bukini ni mla majani. Akishindiliwa mahindi na mabaki ya bugali mwaka mzima anajaa mafuta tumboni na mayai yanapungua. Mpe majani ya kabichi yanayotupwa sokoni, matembele, nyasi changa; mahindi kiganja kimoja jioni yanatosha. Wiki chache kabla ya msimu ongeza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa na kusagwa, pamoja na maganda ya mayai yaliyopondwa ili apate chokaa. Sombe mbichi, yaani majani ya muhogo, usimpe, ina sumu ya sianidi ambayo sisi tunaiondoa kwa kutwanga na kuchemsha muda mrefu. Avoka nayo, tunda na majani yake, ni sumu kwa ndege.

Anataga, lakini halalii

Uliza kwanza: mayai yanaenda wapi? Ukiyaokota yote kila siku, mwili wake haupati habari kwamba kiota kimejaa, naye ataendelea kutaga mpaka achoke na msimu uishe. Acha mayai yajikusanye. Ukiogopa panya au watoto, chukua mayai halisi na uache matatu ya mbao au ya plasta yenye ukubwa uleule, kisha siku akianza kulala umrudishie yake usiku. Mayai uliyochukua yaweke mahali penye baridi ya wastani, yakilala kwa ubavu, uyageuze mara moja kwa siku, yasizidi siku saba hadi kumi. Usiyaoshe. Ganda lina utando mwembamba unaozuia vijidudu, na maji yanauondoa. Tope lililokauka likwangue taratibu kwa kisu butu.

Kama mayai yapo na bado halali, nenda ukakiangalie kiota. Hapa ndipo Goma inapotofautiana na miji mingine. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji. Yale ya mlipuko wa tarehe 17 Januari 2002 yalitiririka yakapita katikati kabisa ya mji, na parsele nyingi hazina udongo wa kujaza hata ndoo. Bata bukini kwa asili hulala ardhini, akakwangua shimo dogo, akalifinyanga kwa kifua. Kwenye jiwe la volkano hawezi kukwangua. Mayai yanabingirika, yanagongana, yanapata nyufa zisizoonekana kwa macho. Na usiku, joto likishuka hadi nyuzi 14 au 15, jiwe linanyonya joto la mayai kutoka chini huku mama akiyapasha kutoka juu. Ndege anayahisi hayo kwa ngozi ya tumbo lake. Atahama kona hadi kona, akitaga yai hapa na lingine pale, na wewe utasema hana akili.

Mtengenezee ardhi. Tafuta gunia mbili za udongo, ule mweusi unaouzwa kwa ajili ya bustani, au uombe kwa jirani anayechimba msingi. Lete tairi kuukuu la gari, lilaze mahali pakavu penye paa, jaza udongo mpaka karibu na ukingo wa ndani, nyunyiza maji kidogo, kisha ubonyeze katikati kwa ngumi mpaka pawe na bonde la kina cha kiganja. Kama huna tairi, panga mawe mduara wenye upana wa sentimita 60 hadi 75. Juu ya udongo weka majani makavu ya migomba yaliyochanwachanwa na nyasi kavu. Usikipambe kiota mpaka mwisho. Acha rundo la nyasi pembeni, mahali mdomo wake unapofika, maana kazi ya kuvuta jani moja moja na kulipanga kuzunguka mwili ni sehemu ya kuamka kwa umama wake. Ukikuta asubuhi nyasi zimevutwa na katikati kuna manyoya laini meupe aliyoyanyofoa kifuani, jua amekubali.

Mahali pa kiota pawe na ukuta nyuma na giza kidogo, ubao ulioegemezwa unatosha. Mbwa asipaone. Na hapa nasema kwa uzito: kama unakaa upande wa Bulengo au kando ya barabara ya Sake, usiweke kiota shimoni. Mazuku inatoka kwenye nyufa za ardhi, nayo ni kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa ya kawaida. Inatulia kwenye mabonde usiku na alfajiri pasipo na upepo. Bata anayeatamia kichwa chake kiko karibu sana na ardhi, na hatoki usiku. Shimo ambalo umewahi kukuta panya, mjusi au ndege amekufa bila jeraha, liogope, na wewe mwenyewe usiiname humo kuchungulia. Inua kiota juu ya jukwaa la mawe.

Kuna pia suala la aina. Wale wenye nundu juu ya mdomo hutaga mayai mengi zaidi ila wengi wao hawana hamu ya kulalia. Ukiwa na jike wa namna hiyo na kila kitu kiko sawa, mpe mama mwingine mayai yake. Jike la bata wa kawaida, yule mwenye uso mwekundu wenye vinundu, anafunika sita vizuri na ana uvumilivu wa siku nyingi, kwa kuwa mayai yake mwenyewe huchukua siku 35. Kuku anaweza manne au matano tu, na kwake kuna kazi ya ziada. Yai ni kubwa mno, hawezi kuligeuza vizuri, na harudi na maji kifuani. Andika alama kwa penseli upande mmoja wa kila yai, uyageuze wewe asubuhi na jioni, na kuanzia wiki ya pili uyanyunyizie maji ya vuguvugu mara moja kwa siku.

Alilala vizuri, kisha akaondoka

Usikimbilie kumrudisha kwa nguvu. Ukimshika na kumkalisha atayakanyaga mayai. Ngoja giza liingie, chukua tochi ya simu, uende polepole.

Ingiza mkono chini ya nyasi, uuache hapo kwa muda unaotosha kuhesabu hadi ishirini, uutoe kwenye mwanga. Ukiona vidoti vyekundu au vya kijivu vinatembea kwenye vidole, ni utitiri. Mchana hujificha kwenye nyufa za mbao na mawe, usiku wanamnyonya damu, na mama asiyeweza kujikuna bila kuyaacha mayai mwisho ataondoka. Ondoa matandiko yote uyachome, paka majivu kwenye nyufa za mbao, weka nyasi mpya, rudisha mayai. Majivu yasiwe mengi ndani ya kiota chenyewe, vumbi lake linaumiza mapafu.

Ukikuta yai limetobolewa au limevutwa pembeni, ni panya. Mawe ya kuta zetu yana matundu mengi, panya wanaishi humo kwa raha. Ziba matundu ya karibu kwa saruji au changarawe, na usiache mahindi ya bata yalale nje usiku. Siafu wakipita, hakuna la kujadili. Hamisha kiota chote pamoja na udongo wake, mita chache usiku huohuo, na uzungushe majivu ya moto.

Njaa na kiu pia zinamng'oa. Mama anapoatamia anakula kidogo na anapungua mwili, ni kawaida. Lakini akitoka na kukuta chombo kikavu, atakwenda kutafuta mbali, na dakika 20 zinakuwa saa mbili. Weka mahindi na maji mita mbili au tatu kutoka kiotani. Yasiwe ubavuni mwake, kwa sababu ni lazima asimame, anyooshe miguu na anye nje.

Maji ndiyo mateso yetu, najua. Ziwa liko pale chini linaonekana, na bado unanunua bidoni ya lita 20 iliyopandishwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Hata hivyo mama huyu anahitaji beseni ambalo kichwa na kifua vinazama. Anaporudi na kifua chenye unyevu anayapa mayai maji yanayohitaji kupitia ganda. Maji uliyosuuzia mboga yanafaa, yenye sabuni hayafai. Katika msimu wa mvua majani yenye umande yanasaidia. Kuanzia Juni hadi Agosti beseni halina mbadala.

Sababu ya mwisho ni sisi. Kila mgeni anapelekwa kuonyeshwa, watoto wanatupa vijiwe, redio inawekwa dirishani juu ya kichwa chake. Mwacheni.

Na mayai yaliyopoa? Usiyatupe. Kifaranga kinachoanza kuumbwa siku za mwanzo huweza kusimama kidogo na kuendelea, na kifaranga cha wiki ya mwisho kina joto lake mwenyewe kiasi. Yarudishe kwa mama, au kwa bata mwingine anayeatamia, kisha uyapime kwa mwanga baada ya siku tatu.

Siku ya kumi: yai ni jeupe ndani

Kupima ni rahisi. Giza likishaingia, tandika kitambaa, kunja vidole kuzunguka tochi ya simu, uweke upande mnene wa yai juu yake. Yai lenye uhai linaonyesha doa jeusi na mishipa inayotawanyika pande zote kama miguu ya buibui. Ukiona mduara mwembamba wa damu bila mishipa, kilianza kikafa. Ukiona njano safi tupu, yaani yai jeupe, hakukuwa na mbegu, au kilikufa mapema mno kuonekana. Toa yasiyo na uhai, maana hayo ndiyo yanayokuwa viza, yakipasuka yanachafua mengine yote.

Likiwa jeupe yai moja au mawili, usihangaike. Yakiwa yote, au karibu yote, mchunguze dume, na kabla ya dume uhakikishe kwamba ni dume kweli. Mabata hawa jike na dume wanafanana kuliko kuku. Kuna mama mmoja wa Katindo aliyeniita akisema, "Baba, mume na mke wanapendana, lala yao ni moja, ila mayai ni maji matupu." Kiotani kulikuwa na mayai 22, na alikuwa akiokota mengine mapya karibu kila siku. Jike mmoja hafanyi hivyo. Walikuwa majike wawili wanaotagia kiota kimoja. Sauti husaidia: kwa kawaida dume ana sauti nyembamba, kali, na jike ana sauti nzito, ya chini. Uhakika hupatikana kwa kukagua sehemu ya nyuma, na hilo mwombe mtu wa mifugo akufanyie ukiwa unatazama.

Dume akiwa ni dume kweli, bado kuna mengi. Wa mwaka mmoja hajakomaa, subiri wa miaka miwili. Majike wanne kwa dume mmoja wanatosha, kwa mabata wazito wawili au watatu. Tena dume huchagua. Ukimnunua leo na jike anataga kesho, usitegemee kitu. Wanahitaji miezi ya kuzoeana, na pengine jike mmoja atamkataa kabisa. Dume anayechechemea hawezi kupanda, na kwenye changarawe ya volkano vidonda vya nyayo ni vingi, kwa hiyo mgeuze umwangalie chini ya miguu. Wale wenye mwili mzito hupandana vizuri zaidi majini. Bwawa huna, lakini pipa la plastiki lililokatwa kwa urefu, likazikwa nusu kwenye udongo, limesaidia wengi. Na usipandishe kaka kwa dada waliotoka kiota kimoja.

Kifaranga kimetoboa ganda, hakitoki

Ngoja. Hapa ndipo mikono yenye huruma inapoua. Tangu tundu la kwanza mpaka kutoka huenda zikapita saa 24 hadi 48, wakati mwingine zaidi. Kifaranga kinapumzika, kinavuta damu iliyomo kwenye utando na kinamalizia kiini tumboni. Ukibandua ganda mapema damu inatoka na kiini kinabaki nje.

Saidia pale tu saa 48 zimepita na utando umekauka ukawa wa rangi ya kahawia kama karatasi. Ulowanishe kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, panua tundu kidogo, simama mara tu uonapo mshipa wenye damu, umrudishie mama.

Hatari nyingine ni wale waliotangulia. Wakiwa watatu wamekauka na wanataka kutembea, mama anaweza kuwafuata na kuacha mengine yanayogongwa kutoka ndani. Waweke kwenye katoni yenye kitambaa karibu na jiko la makala, lakini si chumba kilichofungwa, moshi wa makala unaua watu na vifaranga. Joto liwe nyuzi 30 hadi 32. Hawahitaji chakula siku ya kwanza, kiini kinawalisha. Usiku warudishe chini yake. Baada ya hapo wape nyasi laini zilizokatwa vipande vidogo na chakula cha kuanzia cha vifaranga. Kile cha kuku wanaotaga usiwape, chokaa yake ni nyingi mno. Maji yawe ya kina kifupi. Wiki za kwanza mwewe anazunguka juu, wafunike kwa wavu.

Siku 35 zimepita, hakuna kilichotoka

Mwondoe mama sasa, atakonda mpaka aanguke. Mpe majani, mahindi na maji mengi. Mayai yapeleke nje, mbali na jikoni, uyafungue moja moja ndani ya beseni lenye maji, ukiwa umejifunika pua. Watu wanayatupa bila kuyafungua, na hapo ndipo majibu yalipo.

Kama mengi yalikufa wiki ya kwanza, yaani mduara wa damu au kifaranga kidogo mno kilichoanza kuumbwa tu, angalia jinsi yalivyotunzwa kabla ya kulaliwa: yalikaa siku nyingi, yalipata baridi, au yalitikiswa. Mayai yanayoletwa kwa pikipiki kutoka Rutshuru au kwa mtumbwi kutoka Idjwi yapumzishwe siku nzima kabla ya kulaliwa.

Kama yalikufa katikati, fikiria lishe ya mama wakati wa kutaga, na uchafu ulioingia kwenye ganda. Harufu mbaya na ute wa kijani ni vijidudu.

Kama kifaranga kimekamilika na hakikutoboa, tazama utando na chumba cha hewa. Utando mgumu uliokauka na chumba kikubwa sana ni ukosefu wa unyevu. Kifaranga kilichovimba, kimejaa maji, na chumba kidogo ni unyevu mwingi, mara nyingi kwa kiota kinachovujiwa na mvua. Chumba kikiwa cha kawaida, kama theluthi moja ya yai, na kifaranga ni kizuri, basi yalipoa siku za mwisho: uliza ni nani aliyemsumbua mama wiki ile.

Choma matandiko yote, badilisha udongo wa juu, acha tairi lipigwe jua. Jike mwenye afya anaweza kutaga tena baada ya wiki kadhaa, na mara hii utajua pa kuanzia.